Kitabu cha ng'ombe kilivyonitia matatani kwenye mtihani wa tumbo

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Bunia.

Haya yamenipata mwenyewe na siongezi chumvi. Mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nilishazoea.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Masomo yote nilipita isipokuwa moja: njia ya chakula mwilini. Majina ya Kifaransa niliyakariri kama sala, lakini prof akiuliza kitu fulani kiko wapi na kinafanya kazi gani, nabaki nimetoa macho.

Nikapewa mtihani wa marudio, wa kuongea uso kwa uso.

Mzee wangu anafuga upande wa Gety, na hakuzunguka mbuyu. Nikifeli tena, fimbo yangu ya kuchungia bado iko nyuma ya mlango. Wakuu, ng'ombe nawapenda, ila uuguzi niliutaka kwa roho yote. Niliogopa.

Nikamwendea Tante Furaha, dada wa baba, anayeuza matumbo ya ng'ombe sokoni. Nilienda kulia shida zangu tu.

"Tante, nimeanguka mu mutihani. Ni tumbo ndiyo ilinishinda."

"Tumbo?" Akacheka. "Si ni kazi yangu ile? Kuya kesho asubui, uvae bote za mupira."

Wiki tatu nzima nikawa naosha matumbo. Harufu yake sielezi, wengine mnasoma huku mnakula.

Ila wakuu, yule mama ni mwalimu! Darasa hajalimaliza hata la pili, lakini alinionyesha umio kwa kidole, akanionyesha nyongo na kunionya nisiipasue. Utumbo mwembamba tuliunyoosha ukapita meza tatu. Akaubana kwa vidole, kidogo kidogo, nione jinsi chakula kinavyosukumwa kwenda mbele.

"Utumbo mudogo iko inakula," akasema. "Ile munene iko inakausha."

Basi, hapo ndipo nilipoelewa. Mwembamba unanyonya virutubisho, mnene unanyonya maji. Mwaka mzima wa notisi haukunipa hicho kitu.

Halafu tukafika kwenye tumbo lenyewe. La kwanza kubwa, ndani kama taulo. La pili kama masega ya nyuki. La tatu lina kurasa kurasa, na pale sokoni wanaliita kitabu. La nne laini.

Nikayakariri yote manne. Mnaona tunapoelekea?

Siku ya mtihani nikaingia. Prof ni mama mmoja mkavu, mganga wa miaka mingi, miwani puani. Nikaanza na mdomo: meno yanasaga, mate yanalainisha. Umio unasukuma. Anatingisha kichwa, anaandika. Mimi huyo napaa.

Nikasema, "Kisha chakula kinaingia kwenye tumbo la kwanza."

Kalamu ikasimama.

"Mutu iko na tumbo ngapi?"

"Quatre, Docteur. Ine."

"Ulisoma ile mu kitabu gani?"

Wakuu, nilijibu ukweli wangu. "Kitabu ni ile ya tatu, Docteur."

Akavua miwani. Nilidhani anakasirika, kumbe mabega yanatetemeka kwa kicheko. Mimi nilikuwa naiona fimbo nyuma ya mlango.

Alipotulia akauliza, "Weye unacheuaka?"

"Hapana, Docteur."

"Sasa matumbo ine ni ya nini?"

Nikavuta pumzi. Nikamwambia ng'ombe anakula majani magumu, lazima ayalowanishe, ayarudishe mdomoni, ayatafune tena. Mtu hacheui, kwa hiyo tumbo moja linamtosha: linakoroga chakula na kukitilia asidi, kazi ileile ya tumbo la nne la ng'ombe. Kutoka hapo nikaenda bila kusimama, nyongo, ini, kongosho, nikamaliza na maneno ya Tante: ile munene iko inakausha.

Akaandika pointi za kupita tu, si moja zaidi. Nililia mlangoni, nasema wazi.

Nikakimbia sokoni. "Tante, nimepita! Lakini ulitaka kuniua! Mutu iko na tumbo moja tu!"

Akaweka kisu chini, akanitazama kwa mshangao.

"Mutu? Weye unasomeaka batu?"

Kumbe mwaka mzima alikuwa anajisifu sokoni kwamba ukoo wetu wa wafugaji umepata daktari wa ng'ombe!

Alinifundisha makosa gani, akaniuliza. Ng'ombe wake alinifundisha mzima, bila kosa hata moja. Mimi ndiye sikusema tumbo la nani.

Funzo nililopata, wakuu: ukiomba kufundishwa, sema kwanza unachotaka kujua. Mwalimu mzuri atakupa alichonacho, na atakupa chote.

Siku hizi niko mwaka wa mwisho. Nikimpapasa mgonjwa tumbo, bado nasikia vidole vya Tante. Naye ameniambia nikichoka na batu, ng'ombe wa baba bado wanangoja daktari.

Nyie wenzangu, nani alikufundisha vizuri kitu ambacho hukumwomba? Mwageni hapa chini.