Kaburi Lililobanwa Ubavuni

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, tunabandika vigae katika bafu la tajiri mmoja kule Sutton Coldfield, huku Ulaya. Mimi kijana mbichi, nimetoka Tanga juzijuzi. Shule niliishia darasa la nne, lakini kigae changu hakijawahi kung'oka, na hilo naliandika bila haya.

Bosi wetu alikuwa Mzee Rajabali, Mhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Akaniuliza, "We Shafii, mkeo umemwacha wapi?"

"Kwao Tanga, mzee. Viza anayo. Natafuta kwanza nyumba mtaa wa Great Barr, yenye bafu la marumaru. Bibi harusi haletwi chumba cha kupanga. Wakwe watasema nini?"

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Marumaru! Taj Mahal unaijua wewe?"

Niliijua kwenye kalenda ya dukani. Yeye babake alimpeleka Agra kuiona angali mtoto. Akanichorea juu ya boksi la vigae: kuba katikati juu ya kaburi, minara minne pembeni, imeinamishwa kidogo nje ili ikianguka isiliangukie kaburi. Bustani imekatwa mafungu manne, mfano wa mito ya Peponi. Aya zimezunguka mlango, herufi za juu kubwa kuliko za chini, ili aliyesimama chini azione sawa. Upande huu msikiti, upande ule pacha wake ambaye hakujengwa kwa kuswaliwa, amewekwa tu mizani isilale. Mimi fundi, mwanangu, mwili ulinisisimka.

"Sasa sikiliza, mpumbavu wewe," akasema. "Yote hayo mfalme alimjengea mkewe keshakufa. Na kaburi la vito watu wanalolipangia foleni ni tupu. Mtoto wa watu mwenyewe kalala chini yake, chumba kisicho na madoido. Kitu kimoja tu humo hakikulingana: kaburi la mfalme. La mke liko katikati barabara, la mume limebanwa ubavuni. Kapima kila kitu, hakujipimia pa kukaa naye! Wako yu hai, nawe unamchongea marumaru."

Nilinuna. Mimi sipendi kuambiwa. Nilinuna mpaka wakati wa chai, na baada ya chai nikaenda kumpigia simu mama yako: njoo.

Akafikia chumba changu kimoja mtaa wa Ladywood, ukuta una ukungu, dirisha halifungi. Akazungusha macho, akauliza, "Ndiyo Ulaya yenyewe hii?" Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Tukalala na makoti. Nyumba ya Great Barr ilikuja baadaye, na bafu la marumaru nilimbandikia kwa mkono wangu. Akawa anaanikia nguo humo.

Alipotangulia mbele ya haki, nyumba ile ilinishinda kwa ukimya. Nikarudi Ladywood, huku ghorofani. Dirishani naona treni zinazokwenda huko kwako Sutton, nazitazama zikipita. Na kitanda ni kikubwa, lakini bado nalala ubavuni. Katikati ni pake.

Nawe mkeo yuko Tanga, viza anayo, unangoja jiko jipya likamilike. Nikikuuliza, wajibu, "Soon, Baba, soon," eti karibuni. Mpumbavu wewe! Neno la Mzee Rajabali nakurithisha, maana lilinifaa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, ila mimi naongeza: linaloumia kwanza ni tumbo la anayengojeshwa kule. Usimpambie mtu mahali asipokuwepo. Mlete, mpike pamoja kwenye jiko bovu, agombe, ucheke. Mawe yatasubiri, mwanangu. Mawe hayana haraka.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba finyu, mgongane kila mkigeuka. Akupe umri wa kumzoea. Na siku mkipita na treni hapa chini, shukeni. Mlango sifungi.