Sala ya Mavuno Niliyomwombea Jirani

Binti wa afya alipokuja kwangu Dundori kutuandikisha bima ya matibabu, tulimpa chai, kisha tukaomba. Ndivyo tunavyofanya na mgeni. Baada ya amina akatoa simu, akaniuliza paa la nyumba yangu ni la nini.

"Mabati, kwa neema ya Mungu," nikasema. "Na haya ni mapya. Yale ya kwanza yalituvujia miaka mingi."

Akauliza maji. Nikamtoa nje akaone tangi. Akauliza mifugo. Nikamwonyesha ng'ombe wetu wa gredi, wa maziwa mengi, na kumsimulia jinsi alivyopona tulipomwombea. Tangu ujana nimefundishwa kwamba mtu akikuuliza Mungu amekupa nini, usifiche hata kimoja. Basi nikataja jiko la gesi, na makochi niliyojitengenezea, maana mimi ni seremala.

Simu ikaijumlisha mali yangu, ikatoa kiasi cha bima nitakacholipa. Binti akakitazama, kisha akanitazama mimi, akaniita babu kwa Kikikuyu.

"Guka, hii ni ya mwaka mzima, na inalipwa mara moja. Walioajiriwa ndio hukatwa kidogo kidogo kwa mshahara. Wewe umejiajiri."

Jirani yangu aliposikia alicheka mpaka akashika ua. Ni mnunuzi wa viazi, na mzee wa kanisa kama mimi. Tunaketi benchi moja. Ana lori, nyumba ya mawe, kisima na ng'ombe wengi. Lakini binti yule alikuwa mgeni, ametoka pande za Mau Narok, hakumjua mtu. Jirani alimpokea kwenye kibanda cha mbao anacholala kibarua wake, amevaa gambuti zilizotoboka. Akaandikiwa kiasi cha chini kabisa.

"Mzee, ile ilikuwa bima, si ushuhuda!" akaniambia. "Ungesema una kuku mmoja, na huyo naye ni mgonjwa."

Jumamosi iliyofuata, sokoni, wapakiaji wa viazi walikuwa wakiniamkia, "Sasa, tajiri wa bima!"

Hilo ningelisamehe. Lakini mke wangu alianguka kwenye matope akaumia nyonga, na daktari mjini Nakuru akasema lazima afanyiwe upasuaji. Nyonga ya upande wa pili nayo ilikuwa imelika, ila hiyo ingengoja mwaka ujao. Bila bima tungeuza shamba. Bima yenyewe sikuwa nimeilipa. Ili niilipe, nikaamua kumuuza ng'ombe, yuleyule aliyenipandishia kiasi, na mwenye pesa karibu alikuwa mmoja tu.

Jirani alimzunguka ng'ombe wangu taratibu, akataja bei ya ndama.

"Unajua thamani yake," nikasema.

"Najua, mzee. Lakini wewe una haraka. Mimi sina."

Nikapokea. Upasuaji ukafanyika, Mungu asifiwe, na mke wangu akarudi nyumbani na mkongojo. Kila asubuhi nilimsikia ng'ombe wetu akilia ng'ambo ya ua, wakati wa kukamuliwa, na mimi nikinywa chai ya rangi. Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha. Nyonga ya pili ilikuwa inangoja, bima ilitaka kulipwa upya, na sikuwa na ng'ombe mwingine wa kuuza.

Mimi ni mtu wa subira. Nilingoja Jumapili ya mavuno.

Siku hiyo zamu ya kuwaombea watoaji ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwalika binti wa afya, nikamwekea kiti mbele. Jirani akaja na magunia yake ya viazi, akainamisha kichwa. Nikamwekea mkono begani.

"Bwana, tunakushukuru kwa ndugu yetu huyu. Umempa lori."

"Amina," kanisa likajibu.

"Umempa nyumba ya mawe na umeme. Umemchimbia kisima. Umejaza zizi lake ng'ombe wa gredi, na mwaka huu ukamwongezea mmoja kwa bei nafuu sana."

"Amina!"

Bega lake likakakamaa chini ya kiganja changu. Nikabonyeza kidogo, nikaendelea kushukuru. Sikusema neno lisilo la kweli. Nilipofumbua macho, binti alikuwa amekaza macho kwake.

Jumatatu binti alikwenda kwenye nyumba ya mawe ya jirani bila kupiga simu. Kisha akaja kwangu kuuliza upya.

"Mifugo, Guka?"

"Hakuna."

Kiasi changu kikashuka, kikawa cha kulipika kwa vitanda vichache nitakavyouza. Cha jirani kilipanda kikapita kile changu cha kwanza. Jioni jirani mwenyewe akaja langoni, amemshika ng'ombe wangu kwa kamba.

"Mchukue, mzee. Mwambie tu yule msichana kwamba ulichanganyikiwa. Umri, unajua."

"Unataka niseme nilimdanganya Mungu nikiwa nimefumba macho?"

"Umenimaliza, mzee."

"Una haraka," nikamwambia. "Mimi sina."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo. Alimtazama ng'ombe akirudishwa ng'ambo ya ua, akaingia ndani. Hakunisifu. Baadaye aliniambia niende nikapatane naye, nami nikasema nitaliombea jambo hilo.

Naliombea. Kila asubuhi ng'ombe akilia ng'ambo ya ua, nasimama pale pale uani na kumshukuru Mungu kwa mali ya jirani yangu, kitu kimoja kimoja, kwa sauti ya kumfikia.