Kilima Kisichoulizwa

Karani anayechagua wanafunzi maskini wa kulipiwa chuo kikuu, pale Gitega, hamuulizi mtu kilima alikozaliwa. Katika vita hivi vya wenyewe kwa wenyewe, kutaja kilima ni kutaja upande. Kidole gumba chake kinasugua meza, naye anauliza kwa sauti ya chini: "Jana mulikula nini?" Halafu anakumbusha foleni nzima kwamba ndugu zake mwenyewe hawapewi ufadhili.

Zena, aliyetoka Buhinyuza kule Muyinga, anajibu, "Maji ya maharagwe." Kidole kinatulia; amepita. Papo hapo askari anachungulia mlangoni.

"Huyu iko wa kilima gani?"

Kidole kinaanza tena kusugua.

"Ni mtoto ya dada yangu, shefu," karani anasema. "Alikuja kunisalimia tu."

Askari anaondoka. Bila kumtazama Zena, karani anakata jina lake na kumwita anayefuata.