Tulizika Kabla ya Alasiri

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sikuwahi kufika kwao mke wangu. Visingizio nilikuwa navyo tele: duka, joto la Voi, ubovu wa njia. Ukweli ni kwamba nilijiona mtu wa Mji wa Kale, na kijiji chini ya mlima Kasigau nilikiona si hadhi yangu. Alikwenda peke yake kila mwaka, akarudi na mbaazi na asali. Asali niliila.

Nilikwenda mwaka jana, arubaini yake ilipopita. Alifariki asubuhi nyumbani kwetu, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Kwetu maiti halazwi. Mamake nilimpigia simu, akasema, "Nisubirini, nakuja." Sikumsubiri. Alifika magharibi na kanga mpya ya kumfunika mwanawe, akakuta kitanda kitupu. Alfajiri akaondoka bila kuniaga. Majirani walinisifu kwa kuharakisha, lakini usingizi ulinihama.

Kijijini, muuza nyanya mmoja alinionyesha nyumba bila kuuliza mimi ni nani; kofia yangu ilitosha. Nyuma ya mabati mlima ulipanda hadi mawinguni, kijani kitupu. Mamamkwe alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alinipa kigoda, akaendelea na kazi yake. Mji wa Kale hata ukiwa peke yako husikia pikipiki na watu wakizozana. Pale nilisikia punje tu zikianguka ndani ya beseni. Upweke kama ule haujapata kunifika.

"Mama, nimekuya kutaka radhi," nikasema. "Ilikuwa nikungoje, sikukungoja."

"Dini yenu naijua. Mwanangu aliifuata, sikumkataza," akajibu. "Niambie kitu kimoja tu. Mlipomvika sanda, uso wake ulikuwaje?"

Siku ile, wanawake walipomaliza kumkosha, shangazi yangu aliniita nikamuage. Nilikuwa mlangoni nikipokea pole za watu, nikasema naja. Aliponiita tena, nikamwambia wamfunike. Niliogopa, basi.

Ningeweza kumwambia alikuwa kama amelala. Ndivyo wasemavyo watu wote.

"Sikumuona, mama. Naliitwa mara mbili, nikachelea kuingia."

Mikono yake ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, alinitazama usoni.

"Mimi sikungojwa," akasema. "Wewe uliitwa."