Mzee wa Koprivshtitsa

Haya yalinifika mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Anayetaka kucheka acheke, ila aniache nimalize.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nachukua nguo Guangzhou na kuzipeleka Dar es Salaam. Kabla ya biashara nilisoma Bulgaria, na likizo nilizimaliza Koprivshtitsa, mji wa kale wa milimani, kwa mjane aitwaye Donka. Nyumba za huko zimepakwa buluu na nyekundu, dari ni za mbao za kuchonga, na kutani wamechora miji ya mbali, maana waliozijenga walikuwa wafanyabiashara wa sufu waliofika mpaka Misri. Mama Donka alinilea kama mwanawe, na kila sikukuu nilimpigia simu.

Basi, mchana mmoja nilikuwa Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla wa Guangzhou, navutana bei na mama mwenye duka. Mzee wa Kizungu akasimama kando yangu, anapapasa mashati kwa mkono usio na kidole gumba. Alivaa koti zito la sufu, kwenye joto lile! Bega moja lilikuwa limelowa chapachapa, limeshika unga wa chokaa. Nje jua kali.

"Hii si sufu," akasema, kwa Kibulgaria.

Nikamuuliza kama ni Mbulgaria. Akatikisa kichwa, na kwa watu wale kutikisa kichwa ndiko kukubali.

"Mwambie Donka asilale chumba cha buluu. Maji yameingia ukutani."

"Si umwambie mwenyewe, mzee wangu?"

Akanitazama kwa upole. "Njia ya nyumbani nimeisahau, mwanangu. Ninazozijua ni za sokoni tu."

Nikampisha mchukuzi mwenye robota. Nilipogeuka, mzee hayupo. Mama mwenye duka akauliza yule babu wangu kaenda wapi. Kumbe naye alimwona. Tukatazama pale aliposimama: pakavu kabisa.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikwenda kwenye kibanda cha simu. Donka alicheka, akasema mvua ya huko haijakatika siku nyingi, lakini ukuta ni mzima. Nikambembeleza mpaka akakubali kulala jikoni, basi tu aniridhishe.

Kesho yake nilipompigia, sauti yake ilikuwa nyingine. Ukuta wa chumba cha buluu umeanguka, na boriti imelala juu ya kitanda chake.

"Nani alikwambia?" akauliza.

Nikamweleza yule mzee, koti lake, na mkono wake. Akauliza kidole kilichokosekana ni kipi, nikamwambia gumba.

"Ndiye aliyeijenga nyumba hii," akasema. "Babu wa babu yangu. Alifia Aleksandria, kwenye biashara. Kila mwaka alituma salamu kwamba mwaka ujao anarudi."

Donka aliujenga upya ukuta ule. Mimi nilirudisha chumba nilichopanga Sanyuanli, kule kule Guangzhou, na kurejea kwetu, na watu wakanishangaa, maana biashara ilikuwa inakwenda vizuri. Mpaka leo nikiingia soko lenye watu wengi, natazama mikono ya wazee.

Nawe uliye ugenini, unayewaambia wa nyumbani kwamba utarudi mwakani, fikiri vizuri. Yule mzee hakuwa mtu mbaya, niamini. Alikuwa amechelewa tu.