Injinia Alipotwikwa Mkungu wa Ndizi

Nyie watoto wa Ipinda mlioko mbali, muda wote huo hata kuja kutusalimia mmeshindwa! Haya, ya leo yamewapita.

(Anayeandika ni mjukuu wangu Tumpe. Maneno ni yangu.)

Asubuhi injinia wa barabara alikuja kwenye mkutano pale sokoni. Kijana mpole, mgeni wa huku. Akasema matuta ya barabarani hapa sokoni yataondolewa na kivuko cha waenda kwa miguu kitahamia kule kwenye kona.

Kwenye kona! Ambako jirani yangu Atupele alivunjwa mguu na lori!

Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Bibi, ni kuangalia tu. Kulia, kushoto, kulia tena, unavuka."

"Njoo hapa, baba. Inama."

Nikamtwika mkungu wangu wa ndizi.

"Sasa angalia kulia."

Shingo ikagoma! Akageuka mwili mzima, mkungu ukamvuta, akaenda mrama mpaka kwenye nyanya za watu. Bodaboda ikapita hapo hapo na honi, wala hakuiona.

Soko zima likacheka. Mimi sikucheka. "Hivyo ndivyo tunavyovuka kila siku, mwanangu."

Akatua mzigo, akajifuta jasho, akachora upya karatasi yake mbele yetu: matuta yanabaki, na kivuko kinabaki hapa sokoni. Akasaini, mwenyekiti naye akasaini.

Ndaga fijo, asante sana, injinia! Ndizi nimempa akale.

Semeni, nilimwonea?

Mkija, mwambieni dereva awashushe kwenye matuta. Vukeni taratibu, na mkimkuta mama mwenye mzigo kichwani, mwangalizieni magari.