Majina Elfu Mbili ya Dilys Hargreave

Dilys Hargreave alizaliwa Rochdale, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mwanamke wa kiwanda cha pamba. Mwaka 1971 alimpelekea msimamizi wake, Profesa Tarrant, sura mbili za tasnifu yake. Zilihusu malalamiko ambayo watu wa kawaida, hata wanawake wauza samaki, walipeleka Bungeni katika karne ya kumi na saba, wakati Bunge la Uingereza likipigana na mfalme.

Tarrant alisoma kurasa chache, akaziweka mezani.

"Binti, siasa ya karne ile ilikuwa ya mabwana hamsini. Hawa wako ni kelele za nje ya mlango."

"Mbona mabwana waliita askari waje wazizime?"

"Chagua bwana mmoja uandike habari zake. Ukikataa, barua ya kukuombea kazi usiitegemee kwangu."

"Basi sitaitegemea."

Kweli hakuipata. Vyuo vikuu vikamkataa kimoja baada ya kingine, akaishia kufundisha wasusi na mafundi bomba katika chuo cha ufundi cha Oldham, mji jirani na kwao. Alikaa huko miaka kumi na saba. Kila likizo alipanda treni kwenda London, mkate wa jibini mkobani, akasome hati zenye mwandiko kama kuku amepita na wino miguuni.

"Mpenzi, hao wamekufa miaka mia tatu," mama yake alimwambia. "Pumzika, watakungoja."

"Wameshangoja vya kutosha, mama."

Kitabu chake kuhusu malalamiko hayo kilipotoka, chuo kikuu kilekile alikosimamiwa na Tarrant kikamwalika kuhutubia. Tarrant, mstaafu sasa, alikaa mstari wa mbele. Wakati wa maswali akasimama.

"Miaka yote hii, Bi Hargreave, na bado ni kelele."

"Ni kelele, Profesa. Na zina majina elfu mbili. Kaa nikusomee."

Akaanza kusoma majina ya waliotoa malalamiko, kwa mpangilio wa herufi: wafuma soksi, wajane, wapika bia. Tarrant alivumilia hadi herufi D, akachukua fimbo yake akatoka. Dilys hakuinua macho. Aliendelea na E.

Mwaka uliofuata chuo hicho kilimpa kazi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba Alhamisi zote zibaki za Oldham.

"Hapa hatuna desturi hiyo," mkuu wa idara alisema.

"Basi tafuteni mwingine."

Hawakutafuta. Alhamisi ya kwanza alikuwa darasani na wasusi wake, wakibishana kama mfalme yule aliyepigana na Bunge alistahili kukatwa kichwa.